Baba wa Nyumba Hii

Kitabu chenyewe kimefunikwa kwa karatasi ya kaki, ile tuliyofunikia madaftari shuleni, na ukikifungua kinanuka majani ya chai na mafuta ya cherehani. Mama alinipa mwezi uliopita. Macho yake yamekataa herufi ndogo, na aliponiona naaga kurudi Kisii akanisukumia kikapu. "Beba vitabu vyangu," akasema. "Hapa Nyamira vinalisha mende tu." Nikabeba. Nilipofika kwangu nikakinusa kile cha juu, palepale nikawa tena mtoto wa miaka minane. Siku tatu nzima sikukifungua. Mtu mzima mwenye watoto wawili, naogopa kitabu! Nilikiweka juu ya kabati, nikawa napita hapo nikikitazama kwa jicho la pembeni.

Kuna jambo moja ambalo lazima mlijue kwanza, hasa ninyi ambao hamkuzaliwa upande wetu. Kwa Ekegusii, lugha yetu, baba ni mama. Ndiyo, aliyekuzaa ni baba, na mume wake ni tata. Mtoto wetu akianguka akalia "Baba! Baba!" anamwita mama yake, na mgeni kutoka Nairobi atashangaa kuona ni mwanamke anayetoka mbio. Nyumbani hatukuona shida yoyote. Shida ilianza nilipopewa insha ya Kiswahili kuhusu familia yangu, nikaandika kwa mwandiko safi kabisa: "Baba yangu anapika vizuri na ananyonyesha mtoto." Mwalimu aliisoma mbele ya darasa. Wacha wacheke! Hata wale waliokuwa wameandika vivyo hivyo walicheka. Kisha akaniambia, huku amenishika sikio: "Kemunto, ukiongea Kiswahili, baba ni mwanamume. Umesikia? Mwanamume. Usisahau tena." Sikusahau. Nililishika somo hilo kama mtu aliyepewa ufunguo, na ndilo lililoniponza.

Tulikuwa tunakaa katika nyumba ya kupanga nyuma ya soko la Nyamira, mimi na Mama na wadogo zangu wawili, wasichana wote. Mama alifundisha Kiingereza shule ya sekondari. Tata alifanya kazi Nakuru na alikuja mwisho wa mwezi, na kadiri siku zilivyopita alikuja akiwa amechelewa zaidi, akiwa na maneno machache zaidi. Ndugu zake walikuwa wameanza kuuliza kijana yuko wapi. Hawakumuuliza Mama. Walimuuliza Tata mbele ya Mama, jambo ambalo ni baya zaidi. Nilijua kuna kitu kinachokosekana nyumbani kwetu, na nilijua kwamba kitu hicho si mimi.

Sasa hicho kitabu. Kilikuwa cha Mama Hansa, mwenye duka la vitambaa, Mhindi aliyezaliwa hapohapo mjini na aliyejua bei ya kila kitu mpaka Keroka. Binti yake alikwenda kusoma ng'ambo, akaacha sanduku la vitabu, na Mama Hansa alitaka kujua mtoto wake alikuwa akisoma nini usiku wote badala ya kulala. Kizungu chake kilikuwa cha dukani, si cha riwaya. Basi akamwomba Mama amsomee. Kila Jumamosi mchana, duka likishafungwa, alikuja kwetu na sahani ya chevda, vitafunio vyao vikavu vya pilipili, iliyofunikwa kwa kitambaa. Alifuatana na Kerubo, fundi wa kushona aliyekuwa na cherehani yake kwenye veranda ya duka hilo, ambaye alikuja na kazi ya mkono mapajani kwa sababu hakuweza kukaa bure. Sista Moraa, muuguzi tuliyepakana naye ukuta, alisikia vicheko akaja pia. Na Magokoro, nyanya yangu mzaa tata, alikuwa ameshuka kutoka Ikonge kutibiwa goti, akawa anakaa kwenye mkeka miguu imenyooshwa, akidai kwamba hasikilizi.

Riwaya yenyewe ilikuwa ya zamani, ya mwandishi mwanamke, kuhusu kijana wa ukoo mkubwa ambaye anaishi miaka na miaka bila kuzeeka. Mama alisoma kimoyomoyo, akatafsiri kwa sauti, Kiswahili kwa ajili ya Mama Hansa, na Ekegusii kidogo pale Magokoro alipoguna. Nami nilikuwa nimekaa mlangoni nikichambua chinsaga, ile mboga yetu chungu, masikio yote yako ndani.

Kiingereza kina neno la mwanamume na neno la mwanamke, hata kama mtu amekohoa tu. Kiswahili hakijali. Kwa hiyo siku ile Mama alitafsiri hivi: alilala siku saba, watu wakamwita hakusikia, siku ya nane akaamka, akasimama mbele ya kioo, akajitazama, akaenda kuoga. Mama akaweka kidole kwenye mstari. Akatutazama.

"Mmesikia?"

"Tumesikia nini?" Kerubo akauliza, sindano mdomoni. "Si ameamka?"

"Ameamka mwanamke."

Nilisikia maji ya bomba yakidondoka huko nje. Halafu wote wakaongea mara moja.

"Siku saba bila maji?" alisema Sista Moraa. "Huyo angeamka na figo zimeharibika. Hiyo ndiyo ningeangalia kwanza, mambo mengine baadaye."

Kerubo aliitoa sindano mdomoni. "Na nguo? Alilala na nguo za kiume. Bega, kiuno, kila kitu kimebadilika. Nani alimpima? Huyo mwandishi hajasema?"

Mama Hansa hakushangaa hata kidogo. "Kwetu si maneno mpya," akasema. "Iko Mungu yetu moja, upande hii bwana, upande hii bibi. Picha yake iko dukani, juu ya kaunta. Kemunto ameona." Kweli nilikuwa nimeiona. Nilidhani ni watu wawili wamebanana kwa sababu ukuta ni mdogo.

Mama alikuwa na kalamu ya risasi. Kila mtu aliposema kitu, aliinama akaandika pembeni ya ukurasa. Nilidhani anasahihisha, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kusahihisha.

Kisha Magokoro, yule ambaye hasikilizi, akacheka kwa pua. Akasema kwa Kiswahili, pole pole, kwa sababu ya mgeni: "Mnashangaa nini? Mimi bwana yangu hakuzaliwa."

Mama Hansa akaacha kutafuna.

"Kulikuwa na mama moja huko kwetu," Magokoro akaendelea. "Alikosa kijana. Mzee wake akafa. Yeye akatoa ng'ombe, akanioa mimi, kwa jina ya kijana wake ambaye hakuzaa. Nikaja hapo, nikazaa, watoto wangu wakapata ukoo na shamba. Huyu bwana ya mwalimu ni mmoja wao."

"Na huyo kijana alikuwa wapi?"

"Nimesema hakuzaliwa."

"Sasa bwana yako ni nani?"

"Hakuna! Lakini mimi ni bibi ya mtu." Akajipigapiga goti bovu, ameridhika. "Nyumba haiwezi kosa kijana. Ikikosa, watu wanatafuta njia."

Pale ndipo Kerubo, Mungu amsamehe, alipotaka kuleta utani. Alinielekezea kidole chenye kastabini ya kushonea, akasema: "Basi mwalimu, mpatie Kemunto usingizi wa siku saba, shida yako iishe!" Wakacheka, na Sista Moraa akampiga bega. Mama hakucheka. Aliinamia kitabu, akaandika kitu, akakifuta, akaandika tena. Na Magokoro akanivuta kwake, akanishika kichwa, akamwambia Mama Hansa kwa fahari kubwa, na kwa Kiswahili: "Huyu ni baba yangu. Huyu ndiye baba wa hii nyumba."

Kwa Kiswahili! Angesema kwa Ekegusii nisingetingishika. Lakini mwalimu alikuwa ameniambia, huku amenishika sikio. Nilibaki na chinsaga mkononi nikiwa nimeganda, kwa sababu sasa nilijua nini kinachotafutwa na njia ipi itatumika.

Tangu hapo kila kitu kilikuwa ushahidi. Jumapili Mama aliona nina mapunye kichwani, na Magokoro akaninyoa nywele zote kwa wembe, kipara kabisa, akinisifu kwamba nimekaa kama mwanamume. Akanivua na herini, zile ndogo za dhahabu alizonipa Mama Hansa nilipotoboa masikio, ati dawa itaziharibu. Jumatatu sare yangu ilikuwa haijakauka, nikavalishwa kaptura ya jirani kushinda nyumbani. Jumanne Sista Moraa aliniletea dawa ya kikohozi, akaniambia kwa tabasamu tamu, "Kunywa hii, utalala vizuri sana." Niliiweka mdomoni, nikatoka nje, nikaitema kwenye sukumawiki.

Sikulala, au nilijaribu nisilale, jambo ambalo mtoto hawezi kulimaliza. Nilijifinya mapaja. Nilitafuna tangawizi mbichi mpaka ulimi ukafa ganzi. Usingizi uliponishinda ulinichukua darasani, na kila nilipoamka mkono ulikwenda masikioni kutafuta herini, ukakuta matundu matupu, nami nikahesabu kimoyomoyo: bado si siku saba, bado si siku saba. Mwenzangu wa dawati aliniuliza kwa nini nalia. Nilimwambia ni tangawizi.

Lililonitesa zaidi si kugeuka. Nilijiuliza nikishakuwa kijana, Kemunto atakwenda wapi. Katika kitabu yule mtu aliamka, akaoga, akaendelea na maisha, hakuna aliyelia. Hakuna aliyesema, jamani, yule wa kwanza tulimpenda. Niliwaza watu wa nyumbani wakinitazama nimeamka, Tata amekuja na mkate na soda, baba zangu wadogo wanacheka, Mama hatimaye amepumzika. Wote wamefurahi. Na mimi sipo, na hakuna anayeniulizia. Nilimtazama Mama akikoroga uji, nikawa najaribu kujua kutoka mgongoni kwake kama atanikosa.

Yeye mwenyewe hakuwa sawa wiki hiyo. Ilikuwa imekuja barua kutoka Nakuru. Aliisoma akiwa amesimama, akaiweka ndani ya kitabu, na tangu hapo alikuwa akiita majina yetu kwa kukosea, akimwita mdogo kwa jina langu na mimi kwa jina la mdogo. Nikaona ameanza kunisahau.

Jumamosi ilipofika nilikuwa na homa, ila sikumwambia mtu. Mtu akiwa na homa hulazwa. Wakaja wote. Mama alikuwa amefika mahali ambapo yule mwanamke wa kitabu anapata mtoto, na Kerubo akadakia kwa kuchanganya lugha kama kawaida yake: "Ai! Kwa hivyo sasa amekuwa baba?"

"Tena?" Mama Hansa akashika kichwa. "Tena amerudi mwanaume?"

Kicheko kilipasua nyumba. Mimi nilikuwa nimebeba trei yenye chupa ya chai na vikombe. Nilisikia tu kwamba inawezekana, kwenda na kurudi, kila watakapo. Trei ikaniponyoka. Vikombe viwili vikavunjika, chai ikatambaa mpaka kwenye mkeka wa Magokoro.

Sista Moraa alikuwa wa kwanza kunifikia. Akanigusa paji la uso. "Uuwi, huyu anaungua! Mwalimu, mlaze huyu mtoto sasa hivi."

"Sitaki kulala!" Nilipiga kelele ambayo sikujua ninayo. "Msinilaze! Sitaki kuwa baba! Sitaki kuwa baba wa hii nyumba!"

Aliyejibu kwanza ni Magokoro, na sauti yake ilikuwa imeumia. "Hataki kuwa mama yangu?" alimuuliza Mama. "Nilimpa jina la mama yangu, Kemunto. Namwita baba tangu azaliwe. Nimemkosea nini?"

Nilimtazama. Kwangu alikuwa ameanza kusema mambo yasiyoeleweka, na kwake mimi pia.

Mama alipiga magoti kwenye ile chai. Aliuliza neno moja moja, mwalimu kweli, na mimi nikajibu nikikatwa na kwikwi: mwalimu wa Kiswahili, sikio, siku saba, nywele, herini, dawa ya kulala. Nilipofika kwenye utani wa Kerubo, Kerubo aliweka kushona kwake chini, akajifunika uso kwa kitambaa. Mama Hansa alikuwa akimnong'oneza Sista Moraa, "Baba ni mama? Miaka yote hii hakuna mtu ameniambia?"

"Kemunto," Mama akasema, "nani amekwambia tunataka kijana?"

"Nyinyi wote," nikasema.

Aliokota kipande cha kikombe huku akinitazama, magoti yake ndani ya chai. Mpaka leo nikimkumbuka Mama akiwa kijana namkumbuka hivyo.

Magokoro ndiye aliyenyoosha mkono. "Njoo hapa, baba," akasema, kwa Ekegusii safari hii. Aliniweka kichwa kwenye mapaja yake, upande wa goti zima. Akafungua kifundo cha leso yake, akatoa herini zangu, alikuwa akitembea nazo wiki nzima, akanivalisha moja baada ya nyingine kwa vidole vyake vigumu vya kuchuma chai. "Lala. Niko hapa. Hakuna mtu atakugeuza nikikaa hapa na goti langu hili." Nikalala. Sikuwa na nguvu nyingine.

Mengine mnaweza kuyakisia. Homa ilipita, nywele zikaota. Mwezi uliofuata Magokoro alimsubiri Tata mlangoni, wakaenda nje wakaongea, sikusikia walichosema ila niliona Tata akirudi ameinamisha kichwa, na habari ya barua ile, kwamba Tata anaoa mwanamke mwingine Nakuru ampatie kijana, haikutajwa tena nyumbani kwetu. Hatukupata kijana. Magokoro alikufa nikiwa chuo. Mama Hansa alikataa kurudishiwa kitabu, akasema kimeshakuwa cha Wakisii.

Siku ya nne nilikishusha kutoka kabatini. Nikakuta zile alama za kalamu ya risasi hazikuwa masahihisho. Mama alikuwa ameandika kila walichosema. "Kerubo: nani alimpima?" "Sr. M.: figo." "Mama H.: si maneno mpya." "Magokoro: bwana yangu hakuzaliwa," na mstari chini yake, mara mbili. Nilicheka peke yangu jikoni. Halafu nikafika ukurasa wa siku saba, nikaona pale alipoandika akafuta akaandika tena. Hakuna jina la msemaji. Ni maneno mawili tu: "Niliomba hivi."

Nilikaa na ukurasa ule mpaka chai ikapoa. Kisha nikampigia. Nilimwita kwa lugha yetu.

"Baba, nimefungua kile kitabu."

"Ulikawia," akasema.

"Uliomba nigeuke?"

Nilisikia kuku wake wakilia nyuma ya simu. Hakujitetea. "Niliomba. Kila Jumapili, toka ulipozaliwa. Niliomba na kwa wadogo zako, lakini wewe ndiye nilikuombea sana. Nilikuwa naogopa, Kemunto. Nilikuwa naogopa watanifukuza na nyinyi watatu."

Kumbe sikukosea. Miaka yote hii nimesimulia kisa hiki kama kichekesho cha mtoto asiyejua lugha, watu wakacheka mezani, na kumbe yule mtoto alisikia sawasawa. Nilikuwa na hasira, nasema wazi, na nilikuwa namhurumia, na sikujua nianze na lipi.

"Na uliacha lini?" nikamuuliza.

"Kuna maneno mengine hapo chini, karibu na ukingo. Mimi siyaoni tena. Soma kwa sauti."

Nilikigeuza kitabu kwenye mwanga wa dirisha. Palikuwa na doa la chai, na juu ya doa maandishi madogo. Nikamsomea:

"Amelala kwa Magokoro. Mungu, usinisikie. Aamke yeye yule yule."

Mama alipiga chafya, au alijifanya.

"Na ukaamka," akasema. "Ukashika masikio, ukaona herini ziko, ukaitisha chai."